Unataka kuweka matairi mapana kwenye 4x4 yako? Mambo 10 ya kujua kabla hujalipa

Disemba iliyopita shemeji yangu alibadilisha matairi ya Prado yake. Alitoa ya 265/65R17 yaliyokuja na gari, akaweka ya 285/70R17. Gereji walizungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, hakuna kilichogusa. Gari likawa la kibabe kweli. Picha zikaenda status, watu wakamwagia pongezi.

Siku tatu baadaye tulikuwa watu saba ndani ya gari hilohilo, safari ya Lushoto. Nyuma kulikuwa na mabegi, mchele na ndoo ya mafuta ya kula. Mpaka Mombo hakukuwa na shida yoyote. Tulipoanza kupanda zile kona za kuelekea Soni, tairi la mbele kushoto likaanza kulia: kraa, kraa, kraa. Kila kona kali, kelele. Baadaye ikaja harufu ya mpira unaoungua.

Tukasimama pembeni kuangalia. Plastiki ya ndani ya madigadi ilikuwa imechanika, bega la tairi jipya limenyolewa, na waya wa sensa ya ABS umeanza kuchubuka.

Fundi hakumdanganya shemeji. Alipima gari likiwa tupu, limesimama, kwenye sakafu tambarare. Barabara inapima gari lililojaa watu, linalokata kona na kuingia kwenye shimo kwa wakati mmoja. Hapo ndipo matatizo mengi ya matairi mapana yanapojitokeza, na kwa kawaida unakuwa umeshalipa.

Kama na wewe unafikiria kubadili, soma hii kwanza.

Anza na namba za pembeni ya tairi

Chukua mfano wa 265/65R17, saizi inayokuja na Prado na Hilux nyingi.

– 265 ni upana wa tairi kwa milimita.
– 65 ni urefu wa ukuta wa tairi, yaani asilimia 65 ya ule upana. Hapa ni kama milimita 172.
– R ni muundo wa nyuzi za ndani (radial).
– 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Inchi moja ni milimita 25.4.

Kupata kimo cha tairi zima, unachukua rimu na kuta mbili, ya juu na ya chini. Kwa 265/65R17 unapata kama milimita 776.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa 285/70R17. Unapata kama milimita 831. Umeongeza upana wa milimita 20, lakini pia kimo cha milimita 55. Watu wengi hawalijui hili. Wanadhani wameongeza upana tu, kumbe ukubwa wa tairi zima umepanda kwa asilimia 7.

Asilimia hiyo 7 utaiona tena kwenye spidi, wese na breki. Iweke kichwani.

1. Tairi kugusa bodi

Hili ndilo tatizo la kwanza na linalojulikana zaidi. Tairi pana na refu linahitaji nafasi ambayo gari halikutengewa kiwandani.

Sehemu zinazoguswa mara nyingi ni hizi:

– Plastiki ya ndani ya madigadi ya mbele.
– Kona ya nyuma ya bampa la mbele.
– Chuma cha kushikilia bodi kwenye chesisi, nyuma kidogo ya tairi la mbele.
– Raba za kuzuia matope.
– Stabilaiza na mkono wa juu unaoshika mguu wa mbele.
– Paipu ya breki na waya wa ABS.

Kugusa plastiki ni kero. Kugusa paipu ya breki ni hatari ya maisha, maana ikitoboka oili ya breki inavuja na unaweza kukanyaga pedo ikazama.

Kwa Prado ambayo haijainuliwa, 285/70R17 inajulikana kwa kugusa. Wanaoiweka huishia kuinua gari na mara nyingine kukata kile chuma cha bodi na kukichomelea upya. Hiyo ni kazi nyingine na gharama nyingine. Kuinua gari peke yake hakumalizi tatizo pia. Gari likiingia kwenye shimo, shokapu inabonyea na tairi linapanda mpaka palepale lilipogusa mwanzo.

2. Upana wa rimu usioendana na tairi

Kila tairi lina kiwango chake cha upana wa rimu. Kwa 285/70R17, rimu inatakiwa iwe kati ya inchi 7.5 na inchi 9. Rimu nyingi za kiwandani za Prado ni inchi 7.5, kwa hiyo uko kwenye mstari wa mwisho kabisa.

Tairi pana likibanwa kwenye rimu nyembamba, linatuna katikati kama puto. Kashata za katikati zinaisha haraka, za pembeni zinabaki mpya. Kwenye kona, tairi linayumba juu ya rimu na gari linajibu kwa kuchelewa.

Kuna hatari nyingine kwa wanaopenda mchanga. Ukipunguza upepo kwenye tairi ambalo halijakaa sawasawa kwenye rimu, linaweza kutoka kwenye rimu ukikata kona.

3. Rimu zilizotoka nje na spesa

Wengine wanatatua tatizo la kugusa kwa ndani kwa kununua rimu zinazotokeza nje, au kuweka spesa kati ya habu na rimu. Kwa macho linavutia. Kwa ufundi, linahamisha tatizo.

Kwenye rimu kuna kipimo kinaitwa ofseti. Ukitoka ofseti ya 30 kwenda 0 kwa rimu ya upana uleule, kila tairi linatoka nje milimita 30. Upande mmoja na mwingine jumla ni milimita 60.

Matokeo yake:

– Tairi likikatwa linazunguka duara kubwa zaidi, kwa hiyo linaweza kugusa bampa na madigadi mahali ambapo halikugusa mwanzo.
– Beringi za magurudumu zinabeba mzigo kwa mbali, zinaisha mapema.
– Matope na kokoto zinarushwa kwenye milango yako na kwenye kioo cha gari la nyuma.
– Stadi na nati zinapata mzigo wa ziada, hasa kwa spesa za bei chee.

Kuhusu nati, angalia sana. Rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota zinatumia nati za bapa zenye washa. Rimu nyingi za kununua dukani zinatumia nati za kichwa cha koni. Ukichanganya, nati inaonekana imekaza lakini haijakaa. Tairi likianza kucheza ukiwa barabara kuu, hutapenda kinachofuata.

Ukishabadili rimu, kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Ni dakika kumi tu.

4. Spidometa kukudanganya

Spidometa haipimi barabara. Inahesabu mizunguko na kupiga hesabu kwa kutumia kimo cha tairi la kiwandani. Tairi likiwa kubwa, kila mzunguko mmoja linatembea mbali zaidi, lakini dashibodi haijui.

Kwa mfano wetu wa asilimia 7:

– Ikisoma 50, umeongezewa mpaka kama 53.5.
– Ikisoma 80, unakaribia 86.
– Ikisoma 100, ni 107.

Ni kweli kwamba spidometa nyingi za kiwandani zinasoma juu kidogo ya spidi halisi. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 inataka spidometa isisome chini ya spidi halisi hata siku moja. Kwa hiyo sehemu ya tofauti inaweza kumezwa. Lakini ile akiba uliyopewa na kiwanda umeshaila, na unaweza kuipita.

Maana yake mtaani ni kwamba unaingia kijijini kwenye kibao cha 50, unaona dashibodi iko 50, unajiamini. Trafiki aliyejibanza chini ya mwembe anakupiga tochi na namba yake haifanani na yako. Ukimwambia "afande, matairi yangu ni makubwa", umejishtaki mwenyewe.

Namna rahisi ya kupima: mwambie abiria afungue programu ya ramani kwenye simu yenye kuonyesha spidi, nenda spidi moja kwenye barabara iliyonyooka, linganisha namba mbili.

5. Odomita, sevisi na hesabu ya wese

Kinachodanganya spidi kinadanganya pia kilomita. Odomita ikikuonyesha umetembea 5,000, kwa mfano wetu umetembea kama 5,350. Kama unabadilisha oili kwa kufuata odomita, unachelewa kila mara.

Kwenye mafuta kuna mambo mawili yanayochanganya watu.

La kwanza, gari linakula zaidi kweli. Tairi pana lina uzito, linakata upepo na lina msuguano zaidi na lami, hasa yale yenye kashata kubwa za matope.

La pili, hesabu yako inaongeza chumvi. Tuseme umetumia lita 60 na odomita inasema kilomita 500. Utasema gari linakwenda kilomita 8.3 kwa lita. Kumbe umetembea kama 535, ambayo ni 8.9. Kabla hujamlaumu muuza mafuta au fundi, sahihisha kilomita kwanza.

6. Injini na gia kuchoka

Tairi kubwa ni sawa na kubadili gia za gari bila kugusa gia boksi. Kila gia inakuwa ndefu zaidi. Gari linachelewa kuondoka, na kwenye mlima linataka gia ya chini mapema kuliko zamani.

Kwa gari la otomatiki, gia boksi inabadilisha mara kwa mara ikitafuta gia inayofaa, na hapo joto la oili yake linapanda. Kama unavuta trela au unabeba mzigo kila siku, hili si la kupuuza.

Kwenye mteremko ni kinyume chake. Umeweka gia nzito ili injini ishikilie gari, lakini gari linakimbia kuliko ulivyozoea. Ukishuka Kitonga na mzigo, kila nguvu ya kushikilia unayoipoteza kwenye injini inahamia kwenye breki.

7. Breki kupata kazi ya ziada

Breki zako hazijabadilika. Disiki ni ileile, kaliper ni ileile, pedi ni zilezile. Lakini sasa zinatakiwa kusimamisha tairi zito zaidi ambalo ukingo wake uko mbali zaidi na habu.

Fikiria kusimamisha mlango kwa kushika karibu na bawaba, halafu mtu anausukuma kwenye ukingo. Kadiri mlango unavyokuwa mpana, ndivyo unavyohitaji nguvu zaidi. Breki inashika karibu na katikati, lami inasukuma kwenye ukingo.

Tairi la matope la saizi kubwa linaweza kuzidi lile la zamani kwa kilo 5 au zaidi. Zidisha kwa manne. Umbali wa kusimama unaweza kuongezeka, na kwenye mteremko mrefu breki zinapata moto haraka. Wiki za kwanza acha nafasi kubwa na gari la mbele mpaka mguu wako uzoee.

8. Usukani, bol jointi na beringi

Ukiwa na matairi mapana utasikia usukani mzito zaidi ukiwa unapaki. Barabarani, tairi pana linapenda kufuata mikondo ambayo malori yameichimba kwenye lami. Unashika usukani kwa mikono miwili, gari linataka kwenda kushoto, unalirudisha.

Kila shimo sasa linapiga kwa uzito mkubwa zaidi. Bol jointi, tairodi, bushi na beringi zote zinapokea. Gari ambalo vifaa hivi vilikuwa vimeanza kulegea, matairi mapya yatayaanika yote ndani ya miezi michache.

Ndiyo maana mpangilio sahihi ni kukagua miguu ya mbele kwanza, kununua matairi baadaye, na mwisho alaimenti na balansi. Ukiruka alaimenti, unaweza kula kashata za tairi jipya kabla hata hujamaliza kulipa mkopo wake.

9. Mvua na matope

Hapa wengi wanashangaa. Tairi pana lina mshiko mzuri kwenye lami kavu, lakini kwenye maji linaweza kukuangusha.

Tairi likikanyaga maji, linatakiwa kuyasukuma pembeni ili liguse lami. Tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma. Spidi ikizidi au kashata zikiwa zimeisha, maji yanabaki chini na gari linaelea. Ukifika hapo usukani hauna kazi na breki hazina kazi. Kwenye mvua za masika, dimbwi moja kwenye barabara kuu linatosha.

Kwenye matope, inategemea chini kuna nini. Kama chini ya tope jepesi kuna ardhi ngumu, tairi jembamba linakata tope na kukanyaga pagumu. Tairi pana linaelea juu ya utelezi na kuzunguka pale pale. Si ajabu kwamba kwa miaka mingi Land Cruiser Hardtop za kazi zimetembea kwenye barabara mbovu za Afrika na tairi jembamba la 7.50R16.

10. Tairi la akiba, na kubadili mawili tu

Matairi ni ghali, kwa hiyo wengi wananunua manne. La akiba linabaki saizi ya zamani. Siku ukipata pancha, unaweka tairi dogo upande mmoja na kubwa upande wa pili.

Matairi mawili ya ekseli moja yakitofautiana kimo, difu inafanya kazi muda wote kusawazisha. Kwenye gari la 4x4 ya muda wote kama Prado, hata difu ya katikati inaingia kazini. Ukifunga difu loki ukiwa hivyo kwenye lami, vyuma vinajipinda dhidi ya vyenzake mpaka kitu kivunjike. ABS na mfumo wa kuzuia gari kuteleza navyo vinachanganyikiwa, maana vinaona tairi moja linazunguka tofauti na mengine.

Kibaya zaidi ni kuweka mapana mawili nyuma na kuacha madogo mbele "mpaka mwisho wa mwezi". Kwa gari linalovuta matairi yote manne, usifanye hivyo hata kwa wiki moja.

Nunua matano. Na kabla hujanunua, hakikisha la tano lina pa kukaa. Kama spea inakaa chini ya gari, kubwa huenda lisiingie. Kama iko mlango wa nyuma, bawaba za mlango zitabeba uzito zaidi kila siku.

Faida zipo, lakini si zile unazofikiria

Tusiseme uongo, matairi mapana yana kazi yake. Kwenye mchanga laini yanasaidia gari kutozama. Kimo kikiongezeka, gari linanyanyuka juu ya mawe.

Lakini piga hesabu. Tofauti ya milimita 55 ya kimo inakupa nusu tu chini ya difu, kama milimita 27. Ni upana wa vidole viwili hivi.

Na kwenye mchanga, kinachosaidia zaidi ni upepo. Ukishusha presha ya tairi lako la kawaida mpaka karibu psi 18, tairi linalala na kuwa refu ardhini, kama mguu unaovaa ndala pana. Nenda polepole, usikate kona kwa nguvu, na ukirudi kwenye lami jaza tena kabla hujakimbia. Kipimo cha upepo na pampu ndogo ni bei ya chini sana ukilinganisha na seti ya matairi.

Saizi za kati kwa anayetoka 265/65R17

– 275/65R17: kimo kama milimita 789. Ongezeko la asilimia 1.7.
– 265/70R17: kama milimita 803. Ongezeko la asilimia 3.4.
– 275/70R17: kama milimita 817. Ongezeko la asilimia 5.2.
– 285/70R17: kama milimita 831. Ongezeko la asilimia 7.
– 285/60R17: kama milimita 774. Upana tu, kimo karibu kilekile.

Kanuni inayotumiwa na wengi ni kutozidi asilimia 3 ya kimo cha kiwandani. Ndani ya hapo, spidometa, breki na gia havisumbuki sana. Kuanzia asilimia 5 unaingia kwenye marekebisho.

Ona pia 285/60R17. Spidometa haitabadilika, lakini milimita 20 za upana bado zipo, 10 kwa ndani na 10 kwa nje. Bado unatakiwa kupima kama linagusa.

Mbali na saizi, soma namba ya uzito na herufi ya spidi. Ukiona 112S, 112 maana yake tairi linabeba kilo 1,120. Usishuke chini ya namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Kama unanunua mtumba, tafuta tarakimu nne mwisho wa maandishi ya DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata nzuri kwenye mpira mzee ni mtego.

Namna ya kupima kabla ya kulipa

Mwambie muuzaji unataka kujaribu tairi moja kwanza. Akikataa, nenda duka jingine. Kisha:

1. Funga tairi moja mbele. Zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili, ukienda mbele na ukirudi rivasi. Wengi wanasahau rivasi.

2. Weka mzigo. Ita marafiki wanne wakae ndani, wengine nyuma kabisa.

3. Pandisha tairi hilohilo jipya kwenye tuta au ukingo imara, ili shokapu ya upande huo ibonyee. Zungusha usukani tena, polepole.

4. Zima gari, weka hendibreki, ingia na tochi ya simu. Angalia paipu ya breki na waya wa ABS. Unataka nafasi ya kupitisha vidole viwili.

5. Rudia kwa upande wa pili. Halafu kagua na nyuma.

Likigusa hapo, litagusa barabarani kwa nguvu zaidi. Usikubali neno "litajikata lenyewe, utazoea".

Ukishafunga yote, anza na presha iliyo kwenye kibandiko cha mlango, halafu pima kwa chaki. Chora mstari upana wote wa tairi, endesha mita chache kwenye lami iliyonyooka, shuka uangalie. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika pembeni tu, upepo ni mdogo.

Mwisho, piga simu kwa kampuni yako ya bima na uwaambie umebadilisha saizi. Ajali ikitokea, mabadiliko ambayo hukuyasema yanaweza kuwa sababu ya kukusumbua kwenye fidia.

Simama mara moja ukiona dalili hizi

– Harufu ya mpira unaoungua ukikata kona.
– Pedo ya breki inazama kuliko kawaida.
– Taa ya ABS imewaka ghafla.
– Usukani unatetemeka kwa spidi fulani.
– Nati ya tairi imelegea, hata moja.

Siku ile ya Soni tuliendelea mpaka Lushoto kwa mwendo wa kinyonga, watu watatu wakiwa wameshuka na kupanda basi dogo ili gari linyanyuke. Bibi hakuongea neno mpaka tulipofika. Kisha akauliza swali moja tu: "Kwani ya zamani yalikuwa na shida gani?"

Shemeji hakuwa na jibu. Mwezi wa pili aliyauza yale matairi kwa hasara, akaweka 265/70R17, matano. Muonekano umepungua kidogo. Pasaka tulipanda kona zilezile, watu walewale saba, na kitu pekee kilichosikika ni redio.